Chumba Kilichokunywa Dizeli

Kabla sijasema la mtu mwingine niseme langu: ufunguo nilikuwa nao mimi. Kwa miaka kumi na moja, katika kiwanda chetu cha kushona sare, hakuna aliyeingia chumba cha kompyuta bila kupita kwangu, ndiyo maana wakaniita Bibi Ufunguo. Kazi niliyoandikiwa ni kufagia na kupangusa vumbi. Kazi niliyojiandikia mwenyewe nakuja kuieleza, msinikimbize.

Kiwanda ni ukumbi mmoja mrefu wa paa la bati. Mna cherehani arobaini, meza tatu za kukatia na pasi sita za mvuke. Ikifika saa nane mchana, joto la mle linamsahaulisha mtu jina la mumewe, na wapo waliofurahi kulisahau. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa chuma, na nyuma yake chumba chenye kompyuta tano kubwa zilizosimama kabatini kama walinzi wasio na vichwa. Humo ndimo vilimokaa vielelezo vya sare zote tulizowahi kushona, za wanafunzi, za manesi, za walinzi, kila kimoja na vipimo vyake na kola yake.

Kompyuta zile hazikupenda joto, kwa hiyo zilifungiwa viyoyozi viwili vinavyovuma kutwa kucha. Umeme ukikatika, na kwetu hukatika kila siku, cherehani za umeme hunyamaza na watu wakahamia zile za kukanyaga kwa miguu. Chumba kile hakikuruhusiwa kuzima hata dakika moja. Nyuma ya ukuta kulikuwa na jenereta iliyonguruma kwa ajili yake peke yake.

Sasa kazi yangu ile nyingine. Nilikuwa nagawa ubaridi.

Kila mtu dakika tano. Anayetaka kuingia huinuka, hujinyoosha na kusema kwa sauti, "Naenda kukagua waya." Mjamzito dakika kumi. Mkasi, mkuu wa wakataji, mzee mwenzangu mwenye ugonjwa wa sukari, aliweka humo chupa zake za insulini. Mbele ya kiyoyozi cha kushoto nilipanga chupa za maji za ukumbi mzima. Nyuma ya kabati kulikuwa na kipande cha godoro ambacho sikumbuki nani alikileta, ila kilinitosha mimi barabara. Bosi, kila akipita na kuona watu wanaingia na kutoka, alifurahi. Siku moja mkutanoni alisema, "Natiwa moyo sana kuona hata washonaji wanajali teknolojia." Tukampigia makofi.

Akaja mwanangu kuniharibia.

Nasema mwanangu kwa kuwa ni binti wa mdogo wangu, na mimi ni Mama Mkubwa wake. Ndiye mtaalamu wa kompyuta wa kiwanda. Sisi watatu tunakaa nyumba moja, nyuma ya ukuta wa kiwanda, na dirisha la chumba cha mdogo wangu linatazamana na bomba la jenereta. Mdogo wangu ana kifua. Mwaka ule alikuwa akikohoa mpaka anashika kitanda kwa mikono miwili. Shuka nyeupe ukianika asubuhi, jioni unaanua ya kijivu. Daktari alishamwambia neno moja tu: hama, au moshi uhame.

Mwanangu akakata shauri kwamba utahama moshi. Akamwandikia Bosi karatasi tatu, akazisoma mbele yake bila kukaa. Alitaka vielelezo vyote viondolewe kwenye kompyuta zetu vikawekwe kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazotunza kazi za makampuni mengi kwa pamoja, sisi tuvichukue kwa mtandao kwenye kompyuta ya mkononi inayotumia betri. Hapo kompyuta tano zinazimwa, viyoyozi vinazimwa, na jenereta inabaki kuwa pambo.

"Wateja wakubwa wameanza kuuliza tunachafua hewa kiasi gani," alimwambia. "Wale wa hospitali mwaka huu wameweka swali hilo kwenye fomu. Huu ndio mkakati wa biashara, Bosi, si mambo ya huruma."

"Na mtandao ukikatika nishone hewa?" Bosi akauliza.

"Vielelezo vya siku hiyo vitakuwa vimeshashushwa."

Bosi akaukuna utosi. Mimi nilikuwepo, nafagia mahali palipokwisha kuwa safi.

"Siku kumi za kazi," akasema. "Katika siku kumi, jenereta imezoea lita mia mbili. Nataka zisivuke mia moja, na kazi isisimame hata saa moja. Ukishindwa kimoja, kompyuta zinarudi na habari hii isitajwe tena humu ndani mpaka nistaafu. Na kijana wangu atakayerithi kiwanda, na yeye nitamkataza."

"Nimekubali," akasema mwanangu, wala hakumeza mate.

Jioni, mezani, nikamwuliza swali lililokuwa linanikereketa. "Mwanangu, hizo kompyuta za huko mbali hazili umeme? Isije ikawa moshi tumemhamishia dada wa mtu mwingine."

Mama yake akacheka, akakohoa, akaendelea kucheka.

"Zinakula, Mama Mkubwa, sikufichi. Lakini zetu tano zinafanya kazi labda saa mbili kwa siku, saa zilizobaki zimekaa macho zinapepewa. Kule wanazitumia wengi, hazikai bure. Na tuliowachagua wanatumia umeme wa maji na wa jua, niliwabana mpaka wakanionyesha. Ni kama nyumba ishirini kupikia jiko moja kubwa badala ya kila moja kukoka lake."

"Na kwenye jiko hilo nani anaonja?"

"Mama Mkubwa!"

"Nauliza tu."

Siku mbili za kwanza zilikwenda kwa kuhamisha, kila kitu kinawaka. Siku ya tatu asubuhi akazima kompyuta zote tano mbele ya Bosi, akazima na viyoyozi. Nje, kwenye mashine ya jenereta, kuna taa ndogo nyekundu inayowaka chumba kile kikitaka umeme. Fundi Dizeli, mwendesha jenereta, akaagizwa kwamba umeme ukikatika atazame taa. Ikiwaka, awashe. Isipowaka, akae kivulini. Fundi Dizeli si mtu wa kuuliza maswali. Ukimwambia shika, anashika mpaka umwambie achia.

Mwanangu akanikabidhi rimoti ya viyoyozi. "Weka kwenye droo yako, Mama Mkubwa. Hatuihitaji tena."

Saa nne, Mkasi akainuka mezani kwake, akajinyoosha. "Naenda kukagua waya."

Nikamtazama. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye miwani. Nyuma yake msichana wa vifungo, mimba ya miezi saba, ameshaanza kuinuka. Nikafikiri hivi: mwanangu anapigana na kompyuta. Kompyuta ndizo zilizoletwa kwa gari na kupokewa kwa hotuba, basi ndizo zinazokula dizeli. Kiyoyozi ni upepo tu kwenye sanduku, kina ulaji gani? Nimesoma darasa saba, na katika yote saba hakuna walipotufundisha kiyoyozi. Nikafungua droo, nikabonyeza rimoti.

Basi ikawa ndiyo kawaida. Mwanangu akikagua asubuhi kabla ya kazi, kimya. Akikagua jioni, kimya, maana nilikuwa nimeshavizima. Mchana kutwa yuko meza za kukatia na kompyuta yake ya mkononi, anahakikisha kila kielelezo kinafika. Kazi haikusimama hata mara moja, na Mkasi mwenyewe alikiri kwamba vielelezo sasa vinakuja upesi kuliko zamani. Nami nikawa natembea kifua mbele, kana kwamba wingu nimelishona mimi.

Jioni ya siku ya saba nilimkuta mwanangu mezani ameshika tama. Mbele yake karatasi ya vipimo vya tangi, kwa mwandiko wake mdogo wa kubana.

"Lita tisini na nane," akasema. "Zimebaki siku tatu, na lita mbili. Mama Mkubwa, kuna kitu mle ndani kinawasha taa mchana. Nimechomoa kompyuta zote, nimepapasa kila waya. Hesabu inaniambia karibu lita kumi na mbili kila siku, na hicho ndicho kiasi kilichokuwa kinaliwa na viyoyozi. Lakini viyoyozi nimevizima kwa mkono wangu."

Nilikuwa nimeinua kikombe cha chai. Kikabaki hapo hapo njiani.

"Viyoyozi," nikasema. "Vile vya upepo?"

"Ndivyo vilivyokuwa vinakula kuliko kompyuta zenyewe. Tangu mwanzo. Hukujua?"

Chumbani mdogo wangu akaanza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, na sisi wawili tukasubiri amalize kama mnavyosubiri gari lipite ndipo mzungumze. Nikahesabu moyoni. Siku tano, kumi na mbili kila siku, na kabla ya hapo miaka kumi na moja ya godoro langu. Kila usingizi niliolala mle ulipita kwenye kifua kile.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo mchawi wako unakula naye chakula."

Nikamwambia yote, ya waya, ya mjamzito, ya maji, hata ya godoro. Nilitarajia apige kelele. Hakupiga. Alinitazama, akaitazama karatasi, kisha akasema polepole, "Lita mbili. Siku tatu. Bado inawezekana."

Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu mtoto ni wa ukoo wetu.

Asubuhi ya siku ya nane nilifika wa kwanza, nikaiweka rimoti mfukoni na kusimama mlangoni. Saa nne umeme ukakatika. Mkasi akainuka.

"Naenda kukagua..."

"Waya ni mzima. Rudi."

"Bibi, acha utani, jua limefika utosini."

"Duka limefungwa, Mkasi. Leo, kesho na siku zote."

Ukumbi ukachafuka. Mmoja anasema nimenunuliwa, mwingine anasema nimezeeka ghafla. Msichana wa vifungo alishika mgongo tu, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mkasi alikuja mpaka puani kwangu.

"Na dawa yangu? Unataka nife ili mpwa wako apate sifa?"

"Si mpwa wangu, ni mwanangu. Na wewe hufi, mbaya zaidi utaendelea kuishi na kuniudhi. Njoo."

Nilikuwa nimebeba kutoka nyumbani mitungi miwili ya udongo, mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga mbichi, juu kitambaa kilicholoa. Ndivyo bibi yangu alivyotunza maziwa kabla umeme haujazaliwa. Nikautia mkono wake ndani ya mtungi mdogo. Akaunyamazisha uso, maana hakutaka kuonyesha kwamba amefurahi.

"Baridi," akasema kwa shingo upande.

"Na haunywi dizeli. Lete hizo chupa zako."

Dawa ya mtu mmoja niliiweza. Joto la watu hamsini sikuliweza, na kwa hilo nilimhitaji mwenye kiwanda. Saa nane nikaenda ofisini kwa Bosi, nikamwambia cherehani ya tisa ina hitilafu ambayo haielezeki kwa mdomo, mpaka aikalie mwenyewe. Akaja. Nikamkalisha kwenye kigoda, pasi ya mvuke kushoto kwake, bati juu yake.

"Sioni hitilafu," akasema.

"Subiri dakika tano, Bosi. Inakuja yenyewe."

Ikaja. Kwanza shingoni, halafu mgongoni, halafu shati likamganda kama gundi. Ukumbi mzima unamtazama. Mwanangu alikuwa meza ya kukatia, macho yamemtoka.

"Sasa nikwambie hitilafu ni nini," nikasema. Nikamkabidhi rimoti kiganjani na kumweleza, mbele ya wote, kwa nini matumizi ya dizeli hayakushuka vya kutosha, kwamba aliyewasha viyoyozi ni mimi na wingu halina kosa. "Na wafanyakazi wako hawajawahi kuipenda teknolojia hata siku moja. Walikuwa wanakwenda kupoa."

Bosi alijifuta uso. Nilidhani ananifukuza hapo hapo. "Na yale makofi?" akauliza.

"Makofi yalikuwa ya kweli. Tulikuwa tunashukuru kwamba hujui."

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, kisha wote. Bosi hakucheka, ila pua yake ilitaka.

"Masharti ni yale yale," akasema, akamgeukia mwanangu. "Lita mia moja. Sitakupa siku za nyongeza kwa sababu ya shangazi."

"Mama Mkubwa," nikamsahihisha.

"Sihitaji siku za nyongeza," akasema mwanangu. "Nahitaji madirisha."

Akanyoosha kidole juu. Ukuta wa upande wa pili una madirisha manane marefu, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyeyaona, kwa kuwa marobota ya vitambaa yalipangwa mbele yake mpaka karibu na dari. Nani angehangaika nayo? Mwenye joto alikuja kwangu.

"Marobota yanahitaji mahali pakavu penye kufuli," akasema. "Tunacho chumba kizima kinachokaa bure."

Bosi akatazama madirisha, akatazama mlango wa chuma, akajitazama shati. "Hamisheni," akasema.

Tulihamisha, zamu kwa zamu ili cherehani zisilale. Mkasi mwenyewe alibeba, huku akilalamika kila hatua. Kompyuta zilisogezwa kona moja zikisubiri hukumu ya siku ya kumi, viyoyozi vikachomolewa. Godoro langu lilipotolewa mbele ya kadamnasi nilisema silijui. Dirisha la kwanza liligoma, la pili likafunguka kwa mlio uliotuziba masikio, na upepo ukaingia na vumbi la miaka kumi na moja. Tukapiga chafya wote hamsini. Sitasema ulikuwa ubaridi wa kiyoyozi. Ila msichana wa vifungo alihamishiwa chini ya dirisha la tatu, akafumba macho, akasema, "Aaa." Ilinitosha.

Siku ya tisa taa nyekundu haikuwaka kabisa. Umeme ulikatika mara tatu, watu wakahamia cherehani za miguu, na nyuma ya ukuta kimya. Mdogo wangu alinipigia simu kuuliza kama tumefilisika.

Siku ya kumi umeme ulikatika tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwa naloanisha kitambaa cha mtungi wa Mkasi niliposikia ngurumo. Jenereta! Nilikimbia, na sijakimbia tangu arusi yangu, na hata siku hiyo nilikuwa nakimbilia chakula. Mwanangu alinipita mlangoni kama mshale.

Fundi Dizeli alikuwa amesimama anautazama mkono wake mwenyewe.

"Taa haijawaka!" mwanangu akamwambia. "Zima! Zima!"

Akazima. "Mkono," akasema. "Miaka kumi na moja umeme ukikatika mkono unakwenda. Sikuuambia kitu."

"Imewaka muda gani?"

"Kama wa kuvuta sigara moja."

Mwanangu hakumgombeza. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akaifunga ile swichi mafundo matatu, akarudi ndani kichwa wazi. "Kazi," alisema tu.

Saa tano betri ya kompyuta ya mkononi ikaanza kuonya. Bosi alitoka ofisini kusimama mlangoni. Oda ya manesi ilikuwa nusu, umeme haujarudi, na kazi ikisimama saa moja tumekwisha. Mwanangu akageuka kumtafuta Mkasi.

"Unanitafutia nini?" Mkasi akasema bila kuinua kichwa. "Nilipoona umeme umekwenda asubuhi, nilichora vyote kwenye maboksi." Akavuta kutoka chini ya meza vielelezo vya maboksi, vimekatwa kwa mkasi wake mkubwa, kila kimoja na kipimo chake. "Wingu limeniletea, mimi nimeliwekea akiba. Au mlidhani miaka arobaini nilikuwa nakata kucha?"

Tukashona kwa miguu mpaka saa kumi.

Saa kumi na robo tulikuwa sote kwenye tangi. Fundi Dizeli akaingiza kijiti cha kupimia, akakitoa. Bosi akainama. Mwanangu akainama. Mimi sikuinama, maana nikiinama sinyanyuki, nikasimama nawatazama nyuso.

"Tisini na tisa," akasema mwanangu.

"Naona kama mia," akasema Bosi.

"Kwani mia imevuka mia?" nikauliza.

Bosi akakitazama kijiti tena, kisha akanitazama mimi. Akamrudishia Fundi Dizeli kijiti chake. "Jibuni fomu ya hospitali," akamwambia mwanangu. "Na jenereta hii itafutiwe mnunuzi. Fundi, wewe utajifunza madirisha, pangaboi na paneli za jua. Huyu atakufundisha."

Fundi Dizeli akaitikia kwa kichwa. Ameshika, na mpaka leo hajaachia.

Mwanangu hakushangilia. Alipita kwenye kijia cha nyuma ya ukuta mpaka dirishani kwa mama yake, akalisukuma likafunguka lote. Nilimsikia mama yake akimwuliza kama amerukwa na akili kutembea kichwa wazi.

Jenereta iliondolewa baada ya wiki tatu. Mdogo wangu hajapona, kifua kilichozoea hakiponi kwa siku moja, lakini sasa anakohoa asubuhi tu, na shuka zake ananitaka nizitazame kila anapoanua.

Chumba cha zamani sasa ni stoo ya vitambaa, na ufunguo bado ninao. Juzi baada ya chakula cha mchana Bosi alifungua mlango wa chuma ghafla, akanikuta juu ya marobota ya pamba ya manesi, yaliyo laini kuliko godoro lolote.

"Bibi Ufunguo! Hiki ni nini?"

Nikafungua jicho moja.

"Nakagua vitambaa, Bosi."